Maji Yaliyomtoka Athu

Nilipokuwa mtoto, nyumbani kwetu Majengo tuliamini kwamba ugonjwa wa ngozi hauponywi, hutolewa. Upele ukimtokea mtu, ule ni uchafu wa ndani uliopata njia, na mwenye akili hauzuii. Ukiupaka dawa ukakauka kabla ya wakati wake, unarudi ndani kuutafuta moyo, na ukishaupata moyo hakuna tena la kufanya. Hakuna aliyetukalisha kutufundisha hayo. Tuliyajua tu, kama tulivyojua kwamba mtoto mchanga hasifiwi mbele za watu na kwamba kucha hazikatwi usiku.

Majuzi nilimpeleka binti yangu kliniki. Muuguzi alimkunjua mkono, akatazama wekundu ulio kwenye kikunjo cha kiwiko, akaniuliza kama kwetu kuna mtu mwenye ngozi ya namna hiyo. Nikamwambia yuko, ndugu yangu. Akaandika, akaita anayefuata. Lakini mimi nilirudi nyumbani kwangu Kibokoni kwa miguu, mtoto begani, na njia nzima sikuziona nyumba nilizozipita. Nilikuwa Majengo, niko darasa la tatu, na Athu, ndugu yangu huyo, yuko hai lakini hatujui kama atakuwa hai kesho.

Nyumba yetu ilikuwa ya Nyanya, mama yake Baba. Ilikuwa nyumba ya Kiswahili ya kawaida, ukumbi katikati na vyumba huku na huku, viwili vimepangishwa. Nyanya alipika mahamri ya kuuza kila asubuhi, na watu wa mtaa walimjua kwa mahamri hayo na kwa ulimi wake. Baba alikuwa kibarua bandarini. Mama alikuwa ametoka Kinango kuja kuolewa mjini, mtu mpole, asiyependa kujibizana, na mbele ya Nyanya alikuwa mpole zaidi.

Athumani, tuliyemwita Athu, alizaliwa mweupe na mnene. Mama Zuhura, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, alipokuja kumwona alimwinua juu akamkunjia uso.

"Haya! Mwana gani huyu, sura kama kima!"

"Kima ana afadhali," Nyanya akasema. "Huyu ni kinyangarika."

Wakacheka wote wawili, na Mama akacheka pia, kwa sababu hivyo ndivyo mtoto mzuri anavyosifiwa kwetu. Nyanya alimfunga mvuje mkononi, ndani ya kitambaa cheusi. Mvuje hunuka vibaya, na ndiyo maana hufungwa: kijicho kinakimbia harufu yake. Mpaka leo nikiisikia harufu yake sokoni, namwona Athu.

Kabla hajaweza kushika shingo vizuri, mashavu yake yalianza kuwa mekundu. Tukasema ni harara, ni joto la kaskazi. Mama akampaka liwa, unga wa mti wa kupoza ngozi. Wekundu ukashuka shingoni, ukaingia nyuma ya masikio na kwenye mikunjo ya magoti, na ngozi ikaanza kupasuka na kutoa maji ya manjano yaliyokauka kama utomvu. Hapo Nyanya akasema si harara, ni ukurutu.

Baba alileta dawa ya kupaka kutoka duka la dawa, mrija mdogo wa bati. Mama alimpaka asubuhi na jioni, na kwa kweli ile dawa ilifanya kazi. Mashavu yalikauka. Athu akalala usingizi wa watu. Lakini kabla wiki haijaisha alishikwa na kifua, akawa anakohoa na kukoroma, na Nyanya akasimama mlangoni mwa chumba, mikono ina unga.

"Mwaona? Mmeuziba."

Baba akasema ni mafua tu, mtaa mzima una mafua.

"Saidi pia walisema mafua," Nyanya akajibu.

Saidi alikuwa mwanawe wa pili, aliyekufa kabla Baba hajazaliwa. Nilikuwa nikilisikia jina lake wakati wa kuwarehemu wafu, lakini siku ile ndipo nilipomsikia Nyanya akimzungumza. Alisema mtoto alitokwa na vipele mwili mzima, na mtu mmoja akampa dawa ya kupaka, na vipele vikakauka vyote.

"Alikuwa mkavu, mzuri, ngozi kama hariri," alisema. "Nilimzika hana hata doa."

Mrija ukatupwa. Sidhani kuna mtu angeweza kusimama mbele ya maneno yale akasema apakwe. Mimi ni mtu mzima sasa, nimemwuliza daktari kuhusu mambo haya, na bado sijui ningejibu nini.

Kwa hiyo Athu akaachwa atoe. Hakuogeshwa kwa sabuni. Mwalimu wa chuo cha Kurani alimwandikia kombe kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, maandishi yakaoshwa kwa maji ya waridi, naye akapanguswa kwa maji yale. Akafungiwa ndani asionwe na macho ya watu. Mama akawekewa miiko: asile samaki wala pweza, asile mayai, asile njugu, asile chochote chenye chumvi, maana maziwa yake yalisemekana kuwa ya moto na yanamchoma mtoto. Alikula wali mweupe na mchicha wa kuchemsha. Mifupa ya mabega yake ikaanza kuonekana, na nguo zikamlegea, naye hakulalamika. Nilimsikia mpangaji mmoja akinong'ona ukumbini kwamba wanawake wa Kinango wana damu nzito. Mama alikuwa akipita na ndoo. Alisikia, akaendelea kupita.

Lakini nataka kusema pia juu ya zile kanga. Ngozi ya Athu ilikuwa inashika nguo. Kila akilazwa, maji yanayomtoka yalikauka pamoja na kitambaa, na kumwinua kulikuwa kama kubandua plasta, naye akilia sauti ambayo ilitufanya sote tutazame pengine. Kanga mpya ndiyo mbaya zaidi, ina ugumu. Mama Zuhura akalijua hilo bila kuambiwa. Siku moja alikuja na kanga kuukuu, imefuliwa mpaka maandishi yake hayasomeki, laini kama ngozi ya sikio.

"Hii nilizalia Zuhura," alisema. "Nilikuwa nimeiweka kwa siku yangu ya kufa. Mpeni kinyangarika."

Siku zilizofuata zikaja nyingine. Mwenye kuuza viazi karai, mke wa imamu, bibi mmoja ambaye alikuwa amegombana na Nyanya tangu harusi ya Baba. Kila mmoja alibisha hodi, akatoa kanga yake kuukuu kuliko zote, akaondoka bila kuomba kuingia kumwona mtoto. Mama Zuhura alizifua. Zilikuwa zikining'inia uani safu kwa safu, zimepauka zote. Siku hizi nikisikia watu wakiwacheka wale wanawake kwa ujinga wao, nakumbuka uani kwetu kulivyokuwa.

Athu aliendelea kutoa. Nyanya alisema ni vizuri, uchafu ulikuwa mwingi. Kisha, siku moja, mambo yakaonekana kubadilika. Miguu yake, ambayo ilikuwa imekonda, ikaanza kujaa. Nyayo zikawa nene, ngozi imevutika mpaka inang'aa. Mama Zuhura alipomwona alipiga makofi.

"Hebu tazama vijiguu! Kinyangarika kanona!" Akageuza uso upande, akatema mate ya uongo mara mbili kufukuza kijicho. "Tfu, tfu. Sikusema kitu."

Tena, Athu akaacha kulia. Sisi ambao tulikuwa tumeizoea sauti ile tuliona nyumba imekuwa pana. Mama alilala mchana, ameketi, kichwa ukutani. Baba alikwenda kazini akipiga mluzi. Watu walipita barazani wakauliza, "Mgonjwa je?" nasi tukajibu, "Alhamdulillahi, amepoa."

Nyanya peke yake hakusema alhamdulillahi. Siku ya pili ya utulivu huo, baada ya adhuhuri, nilikuwa nimeketi chini nikikuna nazi, naye alikuwa amemaliza kusali. Aliingia chumbani kwa Mama bila kubisha. Nikamfuata kwa sababu hakuwa amevua joho la kusalia, na hiyo haikuwa kawaida yake.

Alifunua miguu ya Athu. Akakibonyeza kiguu kimoja kwa kidole gumba, akaondoa kidole. Shimo likabaki.

Nyanya alikuwa mtu wa unga. Maisha yake yote alibonyeza unga kwa kidole kile kuona kama umeumuka. Unga mzima hujirudi. Alikitazama kile kishimo kwenye mguu wa mjukuu wake, akangoja kijirudi. Hakikujirudi.

"Amekojoa leo?"

Mama aliamka kwa kushtuka. "Asubuhi, Mama. Kidogo."

"Kidogo vipi?"

"Nepi ilikuwa... sikumbuki. Ilikuwa kavu."

"Na nyonyo?"

"Yuwashika, halafu yuwaachia. Yuwalala." Mama alimvuta mtoto kifuani. "Jana kutwa hakulia. Nikadhani amepoa."

"Mwana mwenye maumivu akinyamaza hajapoa," Nyanya alisema. "Amechoka kuomba." Akainuka, akanigeukia. "Mishi, nenda kamwite Mama Zuhura asimamie nyumba. Kisha simamisha tuktuk."

Mama alibaki ameketi, amemkumbatia Athu. Nilimwona akimtazama mkwewe kama mtu anayeulizwa swali ambalo jibu lake lilikuwa limekatazwa.

"Hospitali watampaka dawa," akasema.

"Watampaka."

"Lakini wewe ndiye uliyesema..."

"Najua nilosema. Nipe buibui langu."

Dereva wa tuktuk alikuwa mtu wa makamo mwenye kofia ya kitambaa. Aliuliza tunakwenda wapi, akageuka, akaona uso wa Athu uliokuwa umepasuka na kuvimba macho. Hakuuliza ana nini. Alizima redio. Pale Mwembe Tayari, ambapo mabasi ya bara na wachuuzi hufunga njia, alishuka yeye mwenyewe akaomba watu wasogeze mikokoteni, akarudi kuendesha. Kila penye tuta alipunguza mwendo mpaka karibu tusimame, kwa sababu alikuwa amegundua kwamba kila tunaporushwa Mama anakunja uso badala ya mtoto. Mtoto hakuwa anakunja uso tena. Kwenye lango la hospitali mlinzi alisema tuktuk haziingii. Dereva alimwambia, "Sheria yako naiheshimu, bwana, lakini huyu ataingia," na akaingia.

Mengine ya siku ile niliyaona mwenyewe, nikiwa nimeketi kwenye benchi na kikapu mapajani. Mengine Mama alinisimulia nilipokua.

Mtu wa kwanza aliyetupokea alimfunua Athu akafunga macho kidogo. "Mbona mmekaa naye nyumbani mpaka akafika hapa?" akauliza. Mama aliinamisha kichwa. Nyanya alifungua mdomo kujibu, na nilijua lingetoka jibu baya, maana aibu ilikuwa ikimkata kama wembe. Lakini daktari alikuwa ameshafika, mwanamke kijana wa kutoka bara, Kiswahili chake kina lafudhi.

"Wamekuja," alisema. "Tuanze hapo. Mama, niambie yote aliyopewa. Yote, hata ya kienyeji. Sitakasirika."

Nyanya akamwambia yote. Liwa, kombe, miiko, mrija uliotupwa, Saidi. Daktari alisikiliza huku mikono yake ikitafuta mshipa. Mshipa ulikuwa kwenye mkono wenye mvuje.

"Naomba nikate uzi huu," alisema.

"Usikate," Nyanya akasema. Akakifungua kifundo mwenyewe, kwa meno, maana kilikuwa kimekaza kwa maji ya ngozi. Muuguzi alikichukua kile kitambaa cheusi kilichokuwa kinanuka, akakifunga ndani ya kipande cha shashi safi cha kufungia vidonda, akamwekea Mama kiganjani. Angeweza kukitupa kwenye pipa lililokuwa miguuni pake, na hakuna ambaye angemlaumu.

Majibu ya damu yalipokuja, daktari alichutama mbele ya benchi letu.

"Chumvi ya damu yake imeshuka sana," alisema. "Protini imeshuka pia, ndiyo maana miguu imejaa maji, hajanona. Na kuna madini mengine, potasiamu, hiyo imepanda. Hiyo ndiyo inayonitia hofu zaidi, kwa sababu ikipanda sana moyo hupoteza mapigo yake."

Nyanya alishika ukingo wa benchi. "Umefika moyoni?"

Daktari hakuelewa mara moja. Kisha nafikiri aliikumbuka habari ya Saidi, kwa sababu uso wake ulibadilika, akaongea polepole zaidi.

"Ngozi nzima huzuia maji ya mwili yasitoke, mama. Ya huyu mtoto imepasuka kila mahali. Yale yanayomtoka si uchafu. Ni maji yake mwenyewe, na chumvi yake, na chakula cha damu yake. Moyo wake uko hatarini, kweli. Lakini si kwa sababu ngozi ilizibwa. Ni kwa sababu iliachwa wazi."

Nimeyafikiria maneno hayo miaka mingi. Nyanya alikuwa ameogopa kwamba ugonjwa utaufikia moyo wa mtoto, na ulikuwa unaufikia. Alilolihofia lilikuja kweli, ila lilipita njia ile ile aliyoiacha wazi ili lisije. Sijui kama kuna uchungu mkubwa kuliko huo kwa mtu aliyependa. Hakulia. Alisema kwa sauti ndogo, "Na chumvi nilimkataza mamake."

"Hapana, hilo usijibebeshe," daktari akasema haraka. "Mama akiacha chumvi maziwa hayaharibiki hivyo. Lakini kuanzia leo ale. Samaki, mayai, kila kitu. Amekonda sana, na mtoto anamhitaji."

Akamgeukia Mama. "Na maziwa yako hayana moto wowote. Umesikia? Hayana kosa."

Mama alijifunika uso kwa ushungi, na mabega yake yakaanza kutikisika. Nyanya alinyoosha mkono akamshika Mama kiwiko cha mkono, sehemu iliyokuwa karibu naye, akakaa amekishika hivyo hivyo mpaka Baba alipofika kutoka bandarini, mavazi ya kazi mwilini.

Walimtilia maji ya chumvi mshipani kidogo kidogo, maana chumvi iliyoshuka polepole, walisema, haipandishwi kwa pupa. Walimpa dawa ya kushusha ile nyingine. Walimwekea waya kifuani, kikawa kidude kinalia mlio mwembamba, na Baba alikikodolea macho kidude kile kana kwamba akikiachia kitasimama. Damu nyingine ilipelekwa maabara ya mbali kupimwa homoni, kwa sababu daktari alikuwa na wasiwasi mwingine: juu ya figo kuna tezi ndogo ambazo kazi yake ni kutoa homoni inayoiamuru figo ishike chumvi isiimwage. Kuna watoto huzaliwa tezi hizo zikiwa na kasoro. Kama Athu alikuwa mmoja wao, safari yetu ingekuwa ndefu.

Tulingoja. Mama Zuhura alikuja kila alasiri na chakula, pweza wa nazi, samaki wa kupaka, mayai, na hakumpa Mama nafasi ya kusema ameshiba. "Kula. Miiko imekwisha, mpishi nimekuwa mimi, lawama zangu." Nyanya alikuwa hapiki. Kwa mara ya kwanza katika umri wangu, Majengo iliamka bila mahamri yake.

Asubuhi moja, muuguzi alipokuwa akimpima joto, Athu alikunja uso, akafungua mdomo, akalia. Kilikuwa kilio kikavu, kibovu, cha hasira. Mama wa kitanda cha jirani, mtu wa bara ambaye hatukuwahi kuzungumza naye, alipiga kigelegele. Akaziba mdomo kwa aibu, kisha akapiga kingine.

Majibu ya homoni yalikuja baadaye. Daktari alikuja nayo akiwa anatabasamu nusu.

"Tezi zake ni nzima," alisema. "Tena homoni iko juu kuliko kawaida, juu sana. Mnajua maana yake? Mwili wake ulikuwa unajua unapoteza chumvi, ukawa unaamuru ishikwe, ishikwe, mchana na usiku. Mtoto wenu alikuwa anapigana muda wote. Ngozi tu ilikuwa inavuja kuliko nguvu zake."

Baba alitoka nje ya wodi. Alirudi macho mekundu, akasema amekwenda kunywa maji.

Lakini jambo lenyewe lilikuwa bado. Maji ya mshipani yalijaza kile kilichomwagika, hayakuziba palipovuja. Daktari alisema wazi: ni pumu ya ngozi, imekuwa kali kwa sababu haikutibiwa, na isipopakwa dawa kila siku kama atakavyoelekeza, mtoto atavuja tena, na safari ijayo huenda tusiwahi. Akaweka dawa juu ya meza ya kitanda. Ilikuwa mrija mdogo wa bati, ndugu wa ule uliotupwa.

"Mama yake ataanza leo, nimwone anavyopaka," alisema.

Mama aliuchukua. Akafungua kifuniko. Mkono wake ukaenda mpaka karibu na shavu la Athu ukasimama hapo. Hakuwa mjinga, alikuwa amesikia kila neno la daktari. Lakini alikuwa pia amesikia kila neno la nyumba yetu. Mtoto huyu akikauka, kisha akashikwa na kifua, kisha likatokea la kutokea, ni nani atakayekuwa amempaka? Mwanamke wa Kinango mwenye damu nzito. Mimi nilikuwa mtoto, na hata mimi niliona anachokiona.

Nyanya alikuwa ameketi upande wa pili wa kitanda. Aliinuka, akazunguka, akauchukua ule mrija mkononi mwa Mama kwa upole, kama mtu anavyompokea mwingine mzigo njiani.

"Lete mwana," alisema.

"Mama, nitaweza..."

"Najua utaweza. Hutapaka wewe." Akaminya dawa kidogo kwenye kidole chake. Nilikuwa nimesimama karibu yake, nilikiona kile kidole, kile kile cha kubonyezea unga. "Nitampaka mimi. Ukirudi ndani, umerudi kwa mkono wangu. Na wote wasikie, na Majengo nzima isikie. Mimi ndiye nilompaka."

Akampaka. Mashavu kwanza, kisha nyuma ya masikio, kisha kwenye mikunjo ya magoti, taratibu, kama mtu anayepapasa gizani kitu kinachoweza kumwuma. Daktari alisema ni sawasawa kabisa. Nyanya hakumtazama.

Kwa miaka mingi nilisimulia kisa hiki kana kwamba siku ile Nyanya aliacha imani yake akamwamini daktari. Ni kisa kizuri kikisimuliwa hivyo, watu hupenda. Lakini sivyo nilivyoona. Tuliporudi nyumbani aliendelea kumpaka Athu mwenyewe, asubuhi baada ya kuuza mahamri na jioni baada ya magharibi, muda mrefu, mpaka ngozi ikawa ngozi na miguu ikawa miguu. Na kila alipomaliza, alifuta vidole, akainama, akaweka sikio lake juu ya kifua cha mtoto. Alikuwa akikaa hapo ametulia kabisa, macho amefumba, akisikiliza moyo wa Athu kama umeingiwa. Aliposikia unapiga, alishusha pumzi, akamfunika. Jioni alianza upya.

Hakuacha kuamini. Aliogopa kila siku, na kila siku alipaka.

Athu sasa ana ndevu, anasoma ufundi wa umeme, na kaskazi ikiingia hujikuna magoti. Nyanya alikwishafariki. Jana jioni nilimpaka binti yangu dawa aliyopewa kliniki, kidogo tu, kwenye kikunjo cha kiwiko. Mimi siogopi dawa. Nilikwenda shule, na muuguzi alinieleza. Mkono wangu ulikuwa mwepesi, nikamaliza mara moja. Ndipo nilipoelewa jinsi ulivyokuwa mzito mkono wa Nyanya, na kwamba uzito wote ule aliuchukua ili usimwangukie mama yangu.